Mkaa, Mkonge na Kanuni za Hewa Ukaa: Tupige Hesabu Kabla ya Kutia Saini

Ndugu mkulima, katika vijiji vya Handeni na Korogwe siku hizi neno "kaboni" limeingia mpaka vilabuni. Mmoja anasema serikali imepiga marufuku mkaa. Mwingine anasema kuna wazungu wananunua hewa. Wa tatu anasema ipo kampuni itakayolipa kila mti uliosimama porini, kwa hiyo yeye anakaa kitako akingoja. Maneno haya yote matatu yana punje ya ukweli ndani yake, na yote matatu yakipokelewa jinsi yalivyo yanaweza kumtia mtu hasara.

Leo basi tuyachambue kwa jicho la biashara. Habari ya kupenda miti tumekwisha kuizungumza mara nyingi. Leo tunazungumza fedha: kanuni za serikali za kupunguza hewa chafu zinampunguzia nani pato, zinamwongezea nani, na wewe mwenye shamba la ekari tatu na tanuri moja la mkaa uko upande gani.

Kwanza tuelewane juu ya hewa yenyewe. Mti unapokua huvuta hewa ukaa na kuifanya kuwa gogo, matawi na mizizi. Ukiuchoma au ukiuacha uoze, hewa ile hurudi juu. Huko angani hewa ukaa pamoja na ndugu zake, kama methani itokayo kwenye madimbwi ya uozo na tumboni mwa ng'ombe, hutanda kama blanketi na kuzuia joto la dunia lisitoke. Ndiyo maana wataalamu huziita kwa jina moja gesijoto. Nchi zenye viwanda vingi hutoa gesi hizi kwenye mabomba ya viwanda na magari. Kwetu Tanzania sehemu kubwa inatoka kwenye ardhi, yaani misitu inayofyekwa kwa ajili ya mashamba, kuni na mkaa. Hesabu ya serikali ya miaka ya 2002 hadi 2013 ilionyesha kuwa tulikuwa tunapoteza misitu hekta zipatazo 469,000 kila mwaka. Chukua kiwanja cha mpira, fikiria viwanja zaidi ya elfu moja na mia mbili kila kukicha, utapata picha.

Tanzania iliridhia Mkataba wa Paris mwaka 2018, na mwaka 2021 ikaahidi kwamba ifikapo 2030 itakuwa imepunguza gesijoto kwa asilimia 30 hadi 35, ukilinganisha na kiasi ambacho kingetoka kama hakuna hatua yoyote iliyochukuliwa. Ahadi ya nchi haitekelezwi hewani. Inashuka wizarani, inageuka kanuni, kanuni inashuka wilayani, na mwisho inafika kwenye tanuri lako.

Na huko chini imefika kwa njia mbili. Ya kwanza ni katazo. Mwaka 2023 serikali ilizitangazia taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 kwa siku, yaani shule za bweni, magereza, vyuo, hospitali na kadhalika, kwamba ziache kuni na mkaa. Tarehe za mwisho zikawekwa Januari 2024 na Januari 2025 kufuatana na ukubwa wa taasisi. Mei 2024 ukazinduliwa Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, wenye lengo kwamba ifikapo 2034 Watanzania 80 katika kila 100 wawe wanapikia nishati safi. Njia ya pili ni soko. Mwaka 2022 zilitoka Kanuni za Biashara ya Kaboni chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, zikarekebishwa mwaka 2023. Hizi ndizo zinazosema nani anaruhusiwa kuuza hewa ukaa iliyozuiwa isitoke, na mauzo yaandikishwe wapi.

Hebu tuanze na katazo, maana ndilo linalouma.

Wenye umri watakumbuka kuwa hii si mara ya kwanza. Mwaka 2006, mwezi wa Januari, serikali ilipiga marufuku biashara ya mkaa nchi nzima. Kilichotokea kila mtu alikiona: mijini watu hawakuacha kupika. Mkaa ukawa adimu, bei ya gunia Dar es Salaam ikaruka, waliokuwa na akiba kwenye maghala wakacheka, na baada ya wiki chache katazo likaondolewa. Mwaka huo huo zikaletwa kanuni za vibali badala yake. Sasa angalia tofauti. Katazo la 2006 lilimbana muuzaji, kwa hiyo bei ikapanda. Katazo la 2023 linambana mnunuzi mkubwa. Mnunuzi akiondoka sokoni na wachoma mkaa wakabaki wale wale, bei haina njia ila kushuka, na itaanza kushukia huku huku porini. Dalali wa mjini ataendelea kuchukua faida yake ile ile. Atakachopunguza ni kile anachokulipa wewe pale tanurini.

Kwa hiyo mtu akikuambia "serikali imepiga marufuku mkaa," mjibu kwamba sivyo. Mama wa nyumbani Magomeni au Ngamiani hajakatazwa. Mama lishe mwenye masufuria mawili naye hajakatazwa. Mchoma mkaa mwenye kibali halali hajakatazwa. Waliokatazwa ni wateja wako wakubwa, wale waliokuwa wanachukua lori zima kwa mkataba wa mwaka. Na wao wana malalamiko yao, tena ya haki. Mkuu wa shule ya bweni anakuambia kuni alikuwa akiletewa na wazazi kama sehemu ya mchango, lakini gesi haichangwi kichwani. Inataka fedha taslimu mbele, majiko mapya, mabomba na fundi. Mwenye hoteli anasema hivyo hivyo. Wafanyabiashara wetu kwa jumla hawakatai kanuni ya mazingira. Wanachokataa ni gharama kuja yote siku moja, na ofisi nyingi kila moja ikidai ada yake. Malalamiko ya namna hiyo ndiyo yaliyozaa mpango wa serikali wa mwaka 2018 wa kuboresha mazingira ya biashara, ule unaoitwa Blueprint. Nadhani wana haki katika hilo. Lakini tukumbuke kwamba mwenye hoteli ana mahali pa kupeleka malalamiko yake, ana chama, ana mhasibu. Mchoma mkaa wa Kwamsisi au Sindeni hana.

Na tuseme ukweli juu ya mchoma mkaa huyu ni nani. Handeni ni nchi ya mahindi yenye mvua isiyo na adabu. Mwaka wa masika mazuri, watu wengi hawaigusi shoka. Mwaka mvua ikikata katikati na mahindi yakakaukia kwenye mbelewele, ndipo magunia yanapoanza kupangwa kando ya barabara kuu kutoka Mkata mpaka Segera. Mkaa ni akiba ya mwaka wa njaa. Kanuni inayoupunguza mkaa bila kuuliza habari ya mwaka wa njaa inamwondolea mtu akiba yake, hata kama lengo lake ni jema, na lengo ni jema kweli, maana msitu nao una mwisho.

Sasa hesabu. Chukua kalamu.

Tanuri letu la udongo la kawaida, lile la kupanga magogo, kufunika majani na kufukia, hutoa kati ya kilo 100 na 150 za mkaa kwa kila tani moja ya kuni kavu. Yaani gunia 2 au 3 za kilo 50. Zilizobaki zote zimekwenda na moshi, majivu na chenga. Tanuri lililoboreshwa, lenye magogo yaliyokaushwa wiki tatu au zaidi, yaliyopangwa kwa saizi, lenye matundu ya hewa yaliyohesabiwa na bomba la moshi, hutoa kilo 200 hadi 250 kutoka kuni zile zile. Hapo ni gunia 4 au 5. Mtu anayetumia tanuri la kwanza anafyeka msitu karibu mara mbili ya mwenzake ili apate mkaa ule ule, na jasho analotoa kukata magogo nalo ni mara mbili. Bei ikishuka, wa kwanza ndiye atakayeanguka kabla ya mwenzake. Kama utaendelea kuchoma, basi usichome kwa tanuri la babu. Utaona moshi mweupe mzito siku za mwanzo, huo ni maji yanatoka. Ukigeuka mwepesi wa rangi ya bluu, funga matundu yote. Wengi wanachelewa hapo, wakilala usingizi, na kinachoungua usiku huo ni gunia lao wenyewe.

Tuendelee. Nusu ya uzito wa kuni kavu ni kaboni. Kaboni hiyo ikiungana na hewa, tani moja ya kuni hutoa tani 1.8 hivi za hewa ukaa. Pindua hesabu: tani moja ya hewa ukaa inatoka kwenye kuni kama kilo 555, na kilo 555 kwenye tanuri la kawaida zinatoa mkaa kilo 70 hivi. Hiyo ni gunia moja la kilo 50 na sehemu ya pili isiyofika nusu. Lumbesa moja la kupandia barabarani mara nyingi linafika hapo.

Kwa nini ninakuhesabia hivi? Kwa sababu tani moja ya hewa ukaa ndiyo kipimo cha soko la kaboni. Wanachouza na kununua wale watu ni cheti cha tani moja. Kampuni ya ndege au kiwanda cha Ulaya kinanunua vyeti ili kiweke kwenye hesabu yake kwamba, hewa niliyotoa mimi, mahali fulani pengine imezuiwa isitoke. Bei ya cheti haina utulivu. Kuna vilivyouzwa dola 5, kuna vya dola 10 na zaidi, kuna vilivyokosa mnunuzi kabisa.

Haya, weka bei ya mkaa tanurini kwako upande mmoja. Upande wa pili weka, tuseme kwa mfano, dola 6 za cheti. Ondoa gharama ya kupima msitu, gharama ya mkaguzi anayetoka nje, ada za kuandikisha, sehemu ya kampuni na sehemu ya serikali. Kama kijiji kitabaki na nusu, ni dola 3. Fanya hesabu yako mwenyewe kwa shilingi za leo. Wengi mtakuta kwamba kaboni peke yake haimshindi mkaa kwa tani ya kuni. Lakini msikimbilie kuhukumu. Fedha ya mkaa inakuja mara moja, na mti ule ule hautarudi kabla ya miaka ishirini na kitu, tena kama kisiki hakikuchomwa wala kulimwa. Fedha ya kaboni inakuja kila mwaka msitu unapobaki. Nyuki wanakaa humo humo, na chemchemi haikauki.

Tofauti kubwa iko mahali pengine kabisa, na naomba hapa mnisikilize vizuri. Fedha ya mkaa inaingia mfukoni mwa aliyechoma. Fedha ya kaboni inaingia akaunti ya kijiji. Kijana aliyekuwa akichoma gunia 20 kwa mwezi anaacha, halafu mwisho wa mwaka kijiji kinajenga darasa. Darasa ni jambo zuri, lakini kijana huyo hali darasa. Kama mkutano wa kijiji haukukaa na kuamua wachoma mkaa watapata nini, kwa mfano kazi ya ulinzi wa msitu yenye posho, mizinga, mtaji wa mbuzi au mbegu ya ufuta, basi mwezi wa tatu atarudi porini usiku. Hewa ukaa itatoka, mkaguzi ataipima kutoka angani kwa setilaiti, na vyeti vya kijiji kizima vitapungua.

Tena kuna jambo ambalo yule anayengojea kulipwa kila mti uliosimama halijui. Soko halilipi mti kwa kusimama. Linalipa tofauti. Wapimaji wanakadiria: bila mradi, msitu huu ungekatwa kiasi gani? Halafu wanapima umekatwa kiasi gani. Kilichookolewa katikati ndicho kinachouzwa, baada ya kuondoa akiba ya dharura kwa ajili ya moto na ya wale waliohamia kukata msitu wa jirani. Msitu ambao hakuna aliyeutishia una kaboni nyingi lakini vyeti vichache. Msitu uliokwisha kufyekwa ukabaki vichaka, kama ulivyo sehemu nyingi za Handeni, una njia nyingine ya kupata vyeti, ya kuuacha uote tena, na hiyo ni ya polepole. Gharama ya kupima ni ile ile iwe msitu mdogo au mkubwa, kwa hiyo kijiji kimoja chenye hekta mia mbili kikienda peke yake kitaliwa na gharama. Vijiji jirani viungane.

Mfano wa waliofanikiwa upo hapa hapa nchini. Katika Wilaya ya Tanganyika, Mkoa wa Katavi, vijiji 8 vinavyozunguka misitu ya Ntakata vimekuwa vikilipwa fedha za kaboni na kuzipangia matumizi vyenyewe: shule, zahanati, walinzi wa msitu. Kabla yao Wahadzabe wa Bonde la Yaeda, Mkoa wa Manyara, walikuwa wamekwisha kuuza vyeti vyao. Lakini tazama walivyoanza. Ardhi ilikuwa imepimwa na kupangiwa matumizi, msitu ni mkubwa, na kila mmoja alijua mpaka uko wapi. Wewe ukitaka kuuza kitu usichojua mpaka wake, huyo mnunuzi atakushangaa.

Ipo pia njia ya katikati, nayo ilijaribiwa Kilosa kuanzia mwaka 2012. Vijiji vilitenga misitu yao, sehemu moja ikahifadhiwa kabisa, sehemu ndogo ikagawanywa vipande vya kuchomea mkaa kwa zamu ya miaka 24. Kipande kikishavunwa kinaachwa visiki vichipue. Kijiji kilitoza ada kwa kila gunia na fedha ikabaki kijijini. Wachoma mkaa hawakufukuzwa. Waliandikishwa na kufundishwa tanuri bora. Kwa maoni yangu mpango ule ulimjali mtu wa chini kuliko makatazo mengi niliyoyasoma. Mwaka 2019 kanuni mpya za misitu zilibadilisha ada na vibali, na vijiji vile vikalalamika kuwa wafanyabiashara wamepungua. Hapo utaona kwa nini mfanyabiashara anaogopa zaidi kanuni inayobadilika kuliko kanuni kali. Kali anaipangia bei. Inayobadilika inamkuta na mzigo njiani.

Sasa tuvuke mto Pangani twende Korogwe, kwenye mkonge, maana huko gesijoto ina sura nyingine.

Ninyi mnaolima mkonge chini ya mashamba ya Hale, Magoma, Magunga, Mwelya na Ngombezi, mnaojua mpango wa wakulima wadogo ulioanza mwishoni mwa miaka ya 1990 na sasa mko kwenye AMCOS zenu, mnajua jani likipita kwenye korona linatoka nini. Nyuzi zenyewe hazifiki kilo 5 katika kila kilo 100 za jani. Zilizobaki ni maji na nyama ya jani, na kwa miaka mingi zimekwenda kwenye mitaro na madimbwi, nyingine mpaka mtoni. Mabaki yale yakioza ndani ya maji bila hewa hutoa methani. Methani ni kali: tani moja yake inatanda joto kama tani 27 au 28 za hewa ukaa, ukihesabu kwa miaka 100.

Katika miaka ya 2000 Hale ilijengewa mtambo wa majaribio wa kugeuza mabaki hayo kuwa gesi na gesi kuwa umeme, kwa msaada wa shirika la UNIDO na Mfuko wa Pamoja wa Mazao. Ulikuwa wa kwanza wa aina yake kwa mkonge. Ulionyesha kwamba inawezekana. Lakini kuthibitisha kwamba inawezekana na kuthibitisha kwamba inalipa ni mambo mawili. Mtambo unataka mabaki kila siku, na korona ikisimama kwa kukosa majani au kwa kuharibika, tumbo la mtambo nalo linalala njaa. Umeme unataka mnunuzi wa bei inayoeleweka. Vipuri vinatoka mbali.

Huko Marekani, jimbo la California, walikutana na jambo la kufanana. Sheria ya mwaka 2016 ya jimbo hilo inataka methani ya samadi ipungue kwa asilimia 40 ifikapo 2030, ukilinganisha na mwaka 2013. Wafugaji wa ng'ombe wa maziwa wakapiga kelele kwamba watafilisika. Jimbo likatoa fedha za kusaidia ujenzi wa mitambo ya gesi, na leo wapo wafugaji wanaouza gesi ya kinyesi. Lakini waliofaidika ni wenye ng'ombe maelfu. Mwenye ng'ombe wachache hawezi kubeba mtambo. Kanuni ileile, kwa mmoja ikawa biashara mpya, kwa mwingine ikawa mzigo, na kilichowatenganisha ni ukubwa tu.

Kwa mkulima mdogo wa mkonge, ukubwa unapatikana kwenye ushirika. Na swali la kuulizwa kwenye mkutano wa AMCOS ni hili: jani ni langu, limekatwa shambani kwangu, limepita kwenye korona isiyo yangu. Mabaki ni ya nani? Leo hakuna anayeyagombania kwa sababu ni taka. Siku yatakapotoa umeme, mbolea au vyeti vya kaboni, yatakuwa mali, na mwenye mashine atasema yalikuwa yake tangu mwanzo. Liandikeni kwenye mkataba wa usindikaji sasa hivi wakati bado ni taka. Ni sentensi moja tu, haina gharama.

Nimefika kwenye mikataba, basi tuimalize.

Wakija watu wa kaboni kijijini, wakaribisheni, wapeni kiti. Halafu waombeni cheti cha kuandikishwa. Kwa kanuni za 2022 mradi wa kaboni hauanzi kienyeji. Kuna Ofisi ya Makamu wa Rais, na kuna Kituo cha Taifa cha Ufuatiliaji wa Kaboni, NCMC, kilichoko Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro. Afisa misitu wa wilaya anaweza kuwaulizia huko. Mwenyekiti na mtendaji wasitie saini peke yao mezani kwa mgeni. Ardhi ya kijiji iko chini ya Sheria Namba 5 ya mwaka 1999, na jambo kubwa kama hili ni la Mkutano Mkuu wa Kijiji, lijadiliwe, liandikwe kwenye muhtasari.

Mkisikia asilimia, ulizeni: asilimia ya nini? Asilimia 60 ya mauzo na asilimia 60 ya kinachobaki baada ya gharama ni fedha mbili tofauti kabisa, maana gharama anaziandika yeye. Wenzetu wa Kenya katika sheria yao ya mwaka 2023 wameandika kwamba miradi ya ardhi iipe jamii asilimia 40 ya mapato ya mwaka uliotangulia, baada ya kuondoa gharama za kuendesha biashara. Soma tena maneno yale ya mwisho. Ndipo ugomvi utakapokaa.

Ulizeni pia muda. Miradi mingi ya misitu ni ya miaka 20, 30, na zaidi. Anayetia saini leo ana miaka 50. Atakayebanwa na mkataba ule hajazaliwa. Je, mnaruhusiwa kukata nguzo za nyumba? Kulisha ng'ombe wakati wa kiangazi? Msitu ukiungua kwa moto wa wawindaji, nani anabeba hasara? Na kampuni ikifa au ikiuza mkataba kwa kampuni nyingine msiyoijua?

Hata jiko linaweza kuwa na mkataba. Ukiletewa jiko banifu kwa bei ya chee na karatasi ya kuweka dole gumba, mara nyingi karatasi hiyo inampa mletaji haki ya kuuza hewa ukaa ambayo wewe hutaitoa tena. Si dhambi, pengine ndiyo sababu jiko limekuwa rahisi. Lakini ujue umelipia na nini. Na jambo la pembeni kidogo: mkisikia "mkaa mbadala," ulizeni umetengenezwa kwa nini. Ule wa mapumba na pumba za mpunga ni kitu kimoja. Ule wa makaa ya mawe unaokoa mti, lakini hewa ukaa yake iko pale pale.

Kwa wachoma mkaa wa Handeni, ninachoweza kuwashauri msimu huu ni hiki. Mwenye kibali ajue mteja wake ni nani, na kama ni shule au gereza, asimkopeshe mzigo. Anayeanza kazi hii leo kwa kijana wa miaka 20 asiifanye kuwa kazi yake ya maisha. Mpaka 2034 soko litakuwa limebadilika sana hata kama lengo halitatimia lote. Na vijiji ambavyo bado vina kipande cha msitu, ombeni halmashauri ije ipime mpaka na kupanga matumizi ya ardhi mwaka huu, kabla mnunuzi hajaja. Mpaka uliowekwa baada ya mnunuzi kufika huwa unawekwa kwa haraka, na mara nyingi kwa gari lake.

Mkataba wowote ukishatiwa saini, nakala moja ikae ofisi ya kijiji, moja kwa mtunza hazina, na moja ya Kiswahili ibandikwe ubaoni kwenye ofisi ya kata mahali ambapo kila mtu anaweza kuisoma.